Kamera ya Sifa Thelathini na Moja

Wananchi wote wa Kitui na Makueni wanaarifiwa kwamba, kuanzia sasa, jambo lolote la maendeleo litahesabiwa kuwa limetokea baada ya kupigwa picha, wala si kabla. Daraja lisilo na picha ni mawe tu. Na maji yakitoka bombani bila picha, hayo ni uvumi.

Tangazo hilo lilitolewa na Ofisi ya Picha za Maendeleo, ambako mimi ni katibu. Nililichapa mwenyewe, nikalibandika mlangoni kwa gundi ya ofisi, na siku hiyo nilijisikia mtu.

Ugumu ulikuwa mmoja: hatukuwa na kamera. Ile ya zamani ilikuwa imesimamishwa kazi kwa kumpiga Mkurugenzi wetu, Bwana Mwau, picha nne mfululizo akiwa amefumba macho. Uchunguzi ulithibitisha kwamba Mkurugenzi hakuwa amefumba macho. Kamera ikafungiwa kabatini ikingoja kusikilizwa.

Bwana Mwau akaandika sifa thelathini na moja za kamera mpya. Iweze kuwafanya watu kumi na mmoja waonekane umati. Isione vumbi. Itofautishe kiongozi na mwananchi kwa umbali wa mita mia mbili. Sifa ya kumi na tisa ilisema isimamishe tone la maji hewani, kwa kuwa kwenye uzinduzi Mkurugenzi hupigwa picha akifungua bomba, na tone lenye ukungu huonyesha uongozi unaosita.

Kamati ya wataalamu watatu iliundwa. Ndolo hupiga picha za harusi Kasikeu. Abdiwahab hupiga picha za mbuzi katika soko la mifugo la Mwingi, na kuwatumia wanunuzi walio mbali. Wayua ana studio ya picha za vitambulisho hapo Kathonzweni, yenye pazia jekundu na kiti kimoja. Wauzaji watatu waliwaazima kamera moja moja ya majaribio, na mjadala ukaanza.

"Mimi nataka betri," Ndolo alisema. "Bibi harusi wa Kasikeu akiingia kanisani anatembea hatua mbili mbele, moja nyuma. Hii betri yako itakufa kabla hajamfikia pasta."

"Betri ni ya tochi," alijibu Abdiwahab. "Lenzi ndiyo maneno. Mnunuzi akiuliza mbuzi ana miaka mingapi, namwonyesha meno. Kamera isiyoona meno ni ya kazi gani?"

"Sasa Mkurugenzi atafunguliwa mdomo?" Wayua aliuliza.

"Akitaka kuuzwa, ndiyo."

"Nyinyi wanaume acheni mchezo. Mtu ana masikio mawili. Kamera ikila sikio moja, mteja anarudi kunigombeza. Masikio kwanza, bana!"

Tulifikia sifa ya nne baada ya vikao tisa. Kwa kamati ya serikali, hiyo ni mbio.

Lazima sasa nitaje kioski cha maji, ingawa hakikuwa katika ajenda. Nje kidogo ya soko la Kathonzweni kuna kisima kilichochimbwa, pampu ya sola, tangi refu na bomba lenye kufuli. Vyote vilikamilika miezi saba iliyopita. Maji yalikuwa yamejaa tangini yakingoja uzinduzi, uzinduzi ukingoja picha, picha ikingoja kamera, na kamera ikingoja Kamati. Mfumo ulikuwa unafanya kazi bila dosari.

Mama Kanyiva, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa hapo, alikuja ofisini mara ya nne. Miguu yake ilikuwa na mchanga hadi magotini. Wao huchota maji kwa kufukua mchanga wa mto mkavu, na kadiri kiangazi kinavyoendelea ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini.

"Mwanangu," aliniambia, "kamera itanunuliwa lini?"

"Kamati bado inajadili sifa, mama."

"Kwani ina sifa ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Aiyawa! Mimi mume wangu sikumtafutia hata tatu." Akaketi kwenye benchi. "Jana shimo lilimwangukia Mbinya, mtoto wa dada yangu. Tulimvuta kwa mikono. Kesho atarudi humo humo, kwa sababu kesho pia tutapika."

Nilimwambia kwamba ofisi imesikia. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni kusema. Kisha nikaingia kikaoni nikaketi mahali pangu, nikafungua daftari la kumbukumbu.

Wataalamu walikuwa wameirukia sifa ya kumi na tisa, wakigombana juu yake. Kila mmoja aliapa kwamba kamera yake inasimamisha tone.

"Tutajuaje?" aliuliza Abdiwahab. "Hapa hakuna hata kikombe cha maji."

Katibu haruhusiwi kusema kikaoni, na mimi kwa kawaida sisemi hata nje ya kikao. Lakini katibu huandika. Niliandika: *Kamati iliazimia kwamba bomba la Kathonzweni lifunguliwe kwa ajili ya majaribio tu, na wananchi wenye mitungi watumike kama vifaa vya kupimia.* Nikasoma kwa sauti. Wayua alinitazama, akamtazama Ndolo.

"Eeh," alisema Ndolo polepole. "Tuliazimia hivyo. Nakumbuka."

"Hata mimi nakumbuka," alisema Abdiwahab, ambaye muda wote alikuwa anafuta lenzi.

Bwana Mwau alisoma azimio, akaligonga muhuri na kuongeza kwa wino wa kijani: *Vizuri. Vifaa vipange foleni. Asiyeorodheshwa asiguse maji. Nguo ziwe za kawaida, makoti yasiwepo.* Akamteua Mama Kanyiva kuwa Msimamizi wa Vifaa, kwa vile hakuna mwingine aliyeomba.

Majaribio yalianza Jumatatu. Vifaa arobaini vilipanga foleni. Mbinya alikuwa wa kwanza. Maji yalipiga ndani ya mtungi wake, naye akacheka mpaka Wayua akasahau kubonyeza.

"Tone halikuonekana vizuri," Wayua alitangaza. "Lete mwingine."

Mtungi wa pili nao haukuridhisha. Wala wa ishirini. Ndolo alitaka kuona tone la mwanga wa asubuhi, Abdiwahab akadai tone la saa kumi jioni, na Wayua akasisitiza kwamba tone lina pande mbili kama kichwa cha mtu. Walibishana kwa bidii ambayo sijawahi kuiona katika utumishi wa umma. Wiki ya tatu ilipoisha hawakuwa wamekubaliana hata tone moja, na akina mama walikuwa wameanza kuwaletea chai ili wasichoke kutokubaliana.

Katika ripoti nilieleza kwamba maji yote yaliyotumika katika majaribio yaliteketezwa kwa njia salama, ikiwemo kupikwa na maharagwe, kufuliwa sare za shule na kunywewa na mbuzi.

Alhamisi moja Mkurugenzi alikuja kujionea. Barabara ni mbaya, jua lilikuwa kali, na gari lake liliwasili likitoa mvuke kama sufuria ya githeri. Alishuka amevaa koti.

"Leteni maji ya gari," aliamuru. "Na mimi ya kunywa."

Mama Kanyiva alisimama mbele ya bomba, barua ya uteuzi na nakala ya azimio mkononi.

"Pole na safari, mzee. Lakini haya maji si ya kutumia. Hayajazinduliwa."

"Mama, mimi ndiye wa kuyazindua!"

"Basi zindua, baba. Nani amekuzuia?"

"Bila kamera?"

"Hizo hapo tatu."

"Hazijaidhinishwa!" Mkurugenzi alisema, na nadhani hapo ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe. Alitoa kitambaa akajifuta shingo. "Sasa mtu akiwa na kiu hapa anafanyaje?"

"Anaorodheshwa kama kifaa," alisema Mama Kanyiva. "Anashika mtungi, anapanga foleni. Na koti, mzee. Umeandika mwenyewe, wino wa kijani huu hapa."

Mbinya alimwazima mtungi wa manjano wenye kamba badala ya kishikio. Mkurugenzi alivua koti, akasimama nyuma ya watu kumi na saba. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja tu alimwambia asogee, foleni inatembea.

Zamu yake ilipofika, Wayua alimwita, "Baba, inua kidevu. Sikio la kushoto silioni." Mkurugenzi alikinga mtungi, maji yakatoka, akainama akanywa kwa kiganja kabla hata mtungi haujajaa. Kamera tatu zikalia pamoja.

Wataalamu walitazama picha kwa muda mrefu. Kila tone lilikuwa limesimama hewani peke yake, mithili ya punje za mtama. Kwa mara ya kwanza walikubaliana. Picha ilipelekwa makao makuu siku hiyo hiyo, kama sampuli.

Jibu lilikuja haraka. Makao makuu walisema hawajawahi kuona furaha ya kweli kiasi hicho usoni mwa mnufaika. Kwa kuwa picha ipo, kioski kilihesabiwa kuwa kimezinduliwa. Ufunguo ukabidhiwe kikundi cha akina mama mara moja, na kufuli lirudishwe stoo. Mzee wa mtungi wa manjano atafutwe, aletwe kwenye maonyesho ya maendeleo awashukuru viongozi, na aketi na wananchi wenzake kwenye nyasi.

Ufunguo niliupeleka mwenyewe. Mama Kanyiva aliuning'iniza shingoni akaendelea kufua.

Makao makuu waliuliza jambo moja zaidi: ni nani aliyeiwakilisha Ofisi siku ya uzinduzi? Mimi ni katibu, na katibu haandiki asichokiona. Niliitazama picha tena kwa makini. Waliokuwemo ni wananchi watupu. Kwa hiyo nilijaza fomu ipasavyo: Mkurugenzi hakuwepo, wala hakutoa udhuru.