Nyuki wa Dada Ndani ya Seva

Jumatatu, 4 Machi
Seva mpya, kompyuta kuu ya ofisi, imewashwa! Ina kumbukumbu ya kudumu: umeme ukikatika, haisahau kitu. Mashine nyingine zinaandika humo kupitia mtandao, bila hata kuisumbua prosesa, ubongo wake. Bosi anataka mtu wa kuwaonyesha wateja keshokutwa. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kajitolea. Nikajitolea kwa sauti kubwa zaidi. Nimepewa mimi! Miwani kanikumbusha kwamba "imefika" na "imehifadhiwa" ni vitu viwili. Wivu mtupu.

Jumanne, 5 Machi
Nahitaji faili zito la maonyesho. Tasnifu ya dada kuhusu nyuki! Miaka minne ya kazi, picha kibao, na iko kwangu tu tangu kompyuta yake ife. Nimemwambia naihamishia mahali salama kuliko zote. Akasema nikiipoteza nisimwite dada tena. Nimecheka.

Jumatano, 6 Machi
Ukumbi umejaa. Nikaihamisha tasnifu nzima. Kunakili ni kwa waoga. Kufumba na kufumbua, skrini ikasema imefika! Nikachomoa umeme kwa madaha. Nikawasha. Nusu ya nyuki hawapo! Kumbe walikuwa bado kwenye kadi ya mtandao, kama wageni waliosimama mlangoni. Ilinipasa kwanza kuiuliza seva kama imeshawaingiza ndani. Wateja wakapiga makofi, hawakuelewa. Bosi aliyeelewa hakupiga.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kapiga simu, nikajifanya simsikii. Ndipo Miwani akaja, akaniuliza kama natafuta nyuki. Alinakili faili juzi nilipokwenda kunywa chai. Kisa? Ananijua. Nikamkumbatia mpaka miwani ikamtoka. Na mwaka mzima nimemsema vibaya! Dada kapata tasnifu yake, kaniita mdogo wake kipenzi. Nikajifungia chooni, nikalia kidogo. Ee Mungu, asante kwa watu wasioniamini.

Ijumaa, 8 Machi
Shukrani lazima ionekane. Miwani kaenda kwa daktari wa meno. Nyaya za kabati la mtandao analolitunza zimevurugika kama tambi. Nitazipanga kwa rangi, akirudi apigwe na butwaa! Kuandika waya upi ulichomekwa wapi ni kupoteza muda, kichwa ninacho. Nimeshachomoa zote. Bosi kaja mbio, anauliza kwa nini simu za jengo zima zimenyamaza. Nimemwambia atulie. Ni zawadi.