Ombi la Kujengewa Ukuta Katikati ya Meza ya Kukatia Nguo

Kwako Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limepoa, na kasuku wako ameacha ile tabia ya kuwapigia mluzi wapangaji wakiwa katikati ya sala.

Mimi ni yule fundi cherehani wa chumba cha chini, upande wa dirishani, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa letu. Nakuandikia Jumapili baada ya ibada, nikiwa nyumbani kwangu, moyo umetulia isipokuwa sehemu moja. Ulipotutangazia kwamba mwashi anakuja kukarabati ngazi, na kwamba mpangaji mwenye haja ya ujenzi aiandike kabla saruji haijaisha, nilijua Mungu amenikumbuka. Naomba ukuta. Uwe wa matofali, uanzie sakafuni ufike darini, upite katikati ya chumba chetu na katikati ya meza ya kukatia nguo, ambayo niko tayari kuipiga msumeno kwa mkono wangu mwenyewe.

Upande wa pili wa ukuta huo abaki mshirika wangu, ambaye wateja humwita Pima Tena kwa sababu hakati kitambaa mpaka apime, afikiri, kisha apime tena. Unamfahamu. Yeye ni Myahudi, mimi ni Mkristo, na tumeshona kwenye meza moja tangu sote wawili tulipokuwa na nywele. Sina ugomvi na dini yake. Bwana wangu mwenyewe alizaliwa humo. Ugomvi wangu ni kuishi nayo kwa umbali wa pasi moja. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi Mama kazi yetu ni nguo. Naomba unisikilize lalamiko kwa lalamiko.

La kwanza ni siku. Pima Tena hupumzika siku ya saba, ambayo kwake huanza Ijumaa jua likizama. Mimi hupumzika Jumapili, siku aliyofufuka Bwana. Siku moja nilimwonyesha, kwa upole kabisa, kwamba lugha tunayosema inaiita siku yake Jumamosi, yaani ya kwanza, kwa hiyo ile saba yake haipo. Akaniambia kwamba kwa hesabu hiyo yangu ni ya pili, na siku ya pili ndiyo pekee katika uumbaji ambayo Mungu hakuitazama kazi yake akasema ni njema. Nilikwenda nyumbani nikasoma Mwanzo, sura ya kwanza, kwa kidole. Ni kweli, na bado inaniuma.

Tena kuna habari ya nyota. Jumamosi jioni mteja husimama mlangoni akitaka suruali yake, na Pima Tena yuko uani ameinua uso, anasubiri nyota tatu zionekane ndipo aguse sindano. Kukiwa na mawingu, mteja hunigeukia mimi. Nimejikuta, mtu mzima na mwanakwaya, nimesimama uani nimekunja shingo namtafutia Myahudi nyota. Jumamosi moja nilimpatia ya tatu, akaikataa. Alisema ile ni taa ya ghorofani kwako.

Lalamiko la pili ni kofia. Mimi nikiomba huvua kofia. Yeye akiomba huvaa. Kwa hiyo kila mchana, chakula kikiwa mezani, mmoja anavua na mwingine anavaa, na mteja akiingia anadhani tunacheza. Siku moja kofia yake iliungua chini ya pasi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimevua yangu, akaichukua, akaivaa, akaanza kushukuru. Kofia ile ile, Mama, chakula kile kile, imetii dini mbili kwa pumzi moja. Zaidi ya hapo, sisi tukishaomba kabla ya kula tumemaliza. Yeye huomba kabla na baada. Mimi niko tayari kwenye cherehani nakanyaga, yeye bado anashukuru kwa mkate ambao umeshafika tumboni.

La tatu ni rafu. Rafu ya juu ni ya vyombo vya maziwa, ya chini ni ya vyombo vya nyama, na kwa sheria ya dini yake haviruhusiwi kukutana hata kusalimiana. Soseji zangu za nguruwe ninazila nje kwenye ngazi, kama mtu aliyefukuzwa. Kijiko changu, ambacho kimewahi kula kila kitu, hakina makazi. Hukaa kwenye mfuko wa shati. Nimemweleza kwamba kwetu kinachomtia mtu unajisi si kiingiacho kinywani bali kitokacho. Akasema basi anaposikiliza mazoezi yangu ya kwaya anaelewa maana yake. Lililonitisha zaidi ni kwamba majuzi, nyumbani kwangu, tumetoka kula nyama, mke wangu akaniletea chai ya maziwa nami nikairudisha. Aliniuliza kama nimehama dini. Nikamwambia nimehama rafu.

Kwenye lalamiko hilo hilo utie na kile kikasha chake kidogo alichopigilia kwenye mwimo wa mlango, chenye maneno matakatifu ndani. Yeye hukigusa akiingia. Wateja hukibonyeza wakidhani ni kengele, kisha wanasubiri. Wengine wamesubiri mpaka wakaondoka.

Lalamiko la nne ni dhambi. Mkasi mkubwa ulipopotea, mimi nilisema kwa unyenyekevu kwamba tusitafute mchawi, sisi wote ni wenye dhambi tangu Adamu. Pima Tena akasema kwao dhambi ya Adamu ni ya Adamu, na mkasi aliyeushika mwisho ni mimi. Ulikuwa kweli chini ya vitambaa vyangu, lakini hilo si jambo la msingi. Jambo la msingi ni kwamba mtu huwezi kujificha hata nyuma ya wanadamu wenzako.

Kisha huja msamaha. Kila mwaka, kabla ya ile siku yao kuu ya kufunga, Pima Tena huzunguka meza, hunyoosha mkono na kuniomba radhi. Kwa imani yao, Mungu husamehe aliyokosewa Yeye. Niliyokosewa mimi, sharti mtu aje kwangu kwa miguu yake. Mama, mimi nilikuwa nina furaha zangu. Sikujua kwamba alimwambia mteja mmoja kuwa sauti yangu ni ya nne na robo. Sikujua kwamba huwa anaweka pamba masikioni wiki ile tunapojiandaa na Krismasi. Sasa najua, na nimelazimika kusamehe papo hapo, kwa sababu mwenyewe kasimama mbele yangu na mkono umenyooka. Sisi tumefundishwa kusamehe saba mara sabini, lakini hatukufundishwa kuletewa makosa mapya ambayo hatukuwa nayo.

La tano ni kubwa, nami nitalisema polepole. Ni habari ya Masihi. Nilianza na Utatu, nikitumia uzi wetu wenyewe: nikamfumulia uzi wa nyuzi tatu, nikamwonyesha kwamba ni tatu na bado ni mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema uzi ni imara kweli, akauliza naununua wapi.

Sikukata tamaa. Nikamwambia Masihi ni kama mteja ambaye alikwisha kuja, akaacha vipimo, akaahidi kurudi. Akasema kwake huyo mteja hajafika bado, na kama amefika, mbona dunia bado imechanika hivi? Nikamjibu kwamba vipimo tumeachiwa, kushona ni juu yetu. Pima Tena akaweka sindano chini, jambo ambalo halifanyi ovyo. Akasema hilo ni neno la kwanza la busara kutoka upande wa dirishani, na kwamba bibi yake aliyekuwa akiombea ujio wa Masihi kila siku alikuwa akisema hivyo hivyo. Sasa mtu wa namna hiyo utamhubiria nini? Unampa habari njema, anakwambia aliisikia kwa bibi yake.

Mama, haya yote ningeyavumilia. Nimeyavumilia. Lalamiko la sita ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Binti yake anaolewa mwezi ujao. Pima Tena ameshonea harusi za watu mtaa mzima, na koti lake mwenyewe limechakaa viwiko, kwa sababu fundi ndivyo alivyo. Nikasema moyoni kwamba huyu bwana hataingia harusi ya mwanawe na viwiko vilivyotoboka. Nikanunua sufu ya kijivu, nzuri kupita ninayovaa mimi. Nikampima kwa macho, kidogo kidogo, anapoinama, anaponyoosha mkono kuchukua chaki. Koti lenyewe nikalishonea nyumbani, na kifuani, ndani, nikalitia kitani kigumu ili lisimame, maana koti la harusi bila kitani ndani ni shati lenye kiburi. Nikampa Ijumaa alasiri, kabla hajafunga kazi.

Akalipokea kwa mikono miwili. Akalisifu bega. Kisha akabana ukosi kwa vidole, kama afanyavyo fundi, na nikaona uso wake umesawijika. Akalikunja taratibu, akaliweka rafuni, wala hakulijaribu. Alisema, ndugu yangu, siwezi. Hii ni sufu pamoja na kitani, na sisi tumekatazwa kuvaa vitu hivyo viwili vikiwa vimeshonwa pamoja. Nikamwambia, mbona wateja huwashonea kwa mikono hiyo hiyo? Akasema kuwashonea wengine si kosa, kosa ni yeye kuvaa. Nikamuuliza sababu. Akasema hata yeye hajui sababu, ameamriwa tu.

Nilipofika nyumbani nilifungua Biblia yangu mwenyewe, na Mama, hilo katazo limo. Limekuwa humo siku zote, katika zile kurasa mimi naziita Agano la Kale na yeye huniambia nisimwite mtu marehemu wakati bado anapumua. Nimelipita mara ngapi nikikimbilia zaburi? Niliona haya, na mtu mwenye haya hukasirika haraka. Nimekasirika. Nimeumia. Nilimpenda kwa kipimo changu na hakikumtosha. Tangu Ijumaa hatujasema neno, na koti limekaa pale rafuni, rafu ya maziwa, bila mtu.

Kwa hiyo narudia ombi. Ukuta. Pamoja na ukuta, naomba mlango nao ukatwe vipande viwili, kikasha kibaki kwake na wateja wangu wabishe kama watu. Naomba mchirizi wa bati ugawanywe, mvua ya upande wake isichanganyike na yangu. Dirisha liko kwangu, ila kwa haki naomba mwashi ampimie mwanga unaomtosha mpaka saa yake ya Ijumaa na amwekee. Na ikiwezekana, uandike tangazo lenye saini yako kueleza siku ya saba ni ipi, maana wewe ndiye mwenye nyumba na neno lako ndilo la mwisho.

Nisalimie wajukuu, msaidizi wako wa nyumbani, mpangaji wa juu mwenye tarumbeta, na kasuku. Nisalimie pia mke wa Pima Tena, na bibi harusi umwambie namtakia heri, nami nitakuwa nikimwombea nikiwa upande wangu wa ukuta.

Ni mimi, kwa heshima na kwa masikitiko,
Fundi wa Dirishani

Tanbihi. Leo ni Jumatatu asubuhi, nimepita kazini kuchukua miwani kabla sijakuletea barua hii. Nimemkuta Pima Tena amesimama mbele ya kioo amevaa koti. Jana, nikiwa nyumbani namlalamikia kwako, yeye alikaa siku nzima akifumua kitani chote, mshono kwa mshono, akatia pamba ngumu mahali pake, na kila mshono wangu wa nje ameuacha ulivyo. Macho yake ni mekundu. Alizunguka meza, akanyoosha mkono, ingawa siku yao ya kufunga bado iko mbali, akaniomba radhi kwa kulikunja bila kulijaribu. Nami nikazunguka upande mwingine kumwomba yeye, tukapishana, ikabidi tuanze upya. Anataka nisimame karibu naye harusini. Amesema pia bega la kushoto limepanda kidogo, na ni kweli.

Kwa hiyo, kuhusu ukuta, naomba marekebisho madogo tu. Uwe na dirisha la kupitishia kikombe. Liwe pana kidogo apitishe na kichwa, maana ni yeye hunijulisha nikitoka nje ya wimbo. Lishuke chini tuweze kuinua meza pamoja, kwa hiyo meza isikatwe. Lipande juu ili mwanga umfikie vizuri. Kwa kifupi, dirisha liwe na upana wa ukuta na urefu wa ukuta, na lisiwe na kioo.

Kama matofali yameshafika, mwashi asiyarudishe. Atujengee benchi uani, la watu wawili. Tunasubiri nyota pamoja, na shingo zinatuuma.