Daktari wa Hewa na Sanduku Linalotoka Jasho

Pshiiii! Sauti ilimfikia kabla hajakunja kona, na moyo wake ukaruka kwa furaha: rejeta ya mtu imechemka. Wengine husikia hasara. Yeye, aliyejipachika jina la Daktari wa Hewa, alisikia riziki. Akasimama kwanza nyuma ya ukuta, akafanya matayarisho yake, ndipo akatokeza.

Kituoni palikuwa na teksi saba na madereva saba walioloa jasho. Daktari akaegesha kigari chake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani na ndiyo miguu yake ya kukimbilia. Akafungua boneti taratibu, kama mtu anayefunua uso wa bibi harusi.

"Ndugu zangu, injini inapumua! Ikivuta hewa ya moto inachoka, kama nyinyi. Hewa ya baridi ndiyo iliyoshiba. Gusa hapa!"

Dereva mmoja mnene akagusa sanduku la chujio la hewa. "Mama yangu! Barafu!"

Naam, barafu. Ilikuwa humo ndani, bonge zima, na tundu la kutolea maji Daktari alikuwa ameliziba kwa chingamu, tone lisije likamsaliti. Lakini sifa zote alizipa karatasi ya kung'aa aliyozungushia bomba, ile ile ya kufunikia vyakula jikoni.

Bei? Tairi la akiba kwa kipande kimoja. Punde si punde kigari kilikuwa kimelemewa na matairi sita.

Dereva wa saba, mama wa makamo waliyemwita Shangazi, alikuwa amefungua injini nyingi kuliko milango. "Daktari, mbona sanduku linatoka jasho?"

"Afya hiyo, Shangazi."

"Basi na mimi naitaka. Ila kichwa changu kizito, hebu nieleze tangu mwanzo."

Akaeleza. Shangazi akauliza kama hewa ya asubuhi inaizidi ya jioni. Akauliza kama injini hupata mafua, na kama mafua hayo huambukiza. Daktari, ambaye hajawahi kumnyima mtu hotuba, alijibu yote, tena kwa mifano. Jua likawaka. Saa nzima ikapita.

"Sasa nimeelewa," Shangazi akasema, akimsukumia tairi la saba. "Nenda salama."

Daktari akajitupa kwenye usukani, akawasha. Injini ikavuta pumzi, ikavuta ziwa. Kokh! Kimya.

Shangazi akabandua chingamu kwa ukucha. Maji yakamwagikia viatu vya madereva, na yule mnene akaanza kukunja mikono ya shati.

"Mwache!" Shangazi akamzuia. "Kila mtu achukue tairi lake. Na wewe mwanangu, injini hiyo nitaifungua mwenyewe, niikaushe, bure. Itachukua wiki. Lakini zetu bado zinachemka, na daktari ni wewe."

Akamkabidhi kipande cha boksi.

Daktari akazitazama boneti saba zilizo wazi, akaanza kupepea.

"Naapa, Shangazi," alisema, "nitaipepea kila injini hapa, na yako mara mbili."