Ombi la Kupunguziwa Umri Katika Kundi la Ukoo

Ushirombo, Bukombe.

Kwa Msimamizi wa Kundi la Ukoo Mtandaoni,
Elieth, mwanangu, binti wa marehemu kaka yangu,

Natumaini hapo Chato hamjambo. Mimi sijambo, ila vidole.

Naleta malalamiko yangu kwa karatasi kwa sababu simu haina nafasi.

1. Kundi lina watu mia moja arobaini na watatu, na mkubwa wao ni mimi. Kila asubuhi wote wananiamkia. Shikamoo haiachwi ikaning'inia, kwa hiyo naitikia mmoja mmoja. Nikimfikia Amosi, wengine ishirini wameshaingia na Amosi amepotelea juu. Benjamini akishaitikiwa huanza upya kwa Kisukuma na "Mwangaluka baba", na salamu hiyo nayo ina majibu yake. Nilijaribu kuandika "Marahaba nyote". Ghati akauliza tangu lini yeye anapimwa kwa debe.

2. Programu hii ni mbea. Nikifungua tu, inawatangazia kwa alama za buluu kwamba nimesoma. Innocent, anayechimba dhahabu Mwakitolyo, aliziona alama bila marahaba akagoma kushuka duarani, shimo lao la dhahabu, eti mzee amemnyima baraka. Wenzake nao waliogopa, wakakaa siku tatu bila kuchimba, wakanipigia simu kwa zamu.

3. Mpunga umemezwa na majani. Mke wangu, mama yenu mdogo Theopista, anapalilia peke yake. Juzi aliniamkia humo humo kundini akiwa shambani, walau apate jibu langu.

Kwa heshima naomba waliotengeneza programu waiwekee mlango wa pembeni wa shikamoo. Wakishindwa, kundi linipunguzie umri wa miaka ishirini, ukubwa apewe Donatus anayenifuata kwa umri. Nitamwamkia bila kinyongo.

Wasalimie wote hapo, ila wasirudishe salamu.

Ni mimi baba yako mdogo, mwenye kuelemewa,
Marcelino Ndaki

Nyongeza: Barua imekaa siku mbili ikisubiri mtu wa kuja huko. Kumbe Theopista alikusomea yote kwa simu, nawe ukatangaza nisiamkiwe tena. Umefanya haraka mno, mwanangu. Leo kundini wamezungumza bei ya mpunga na harusi ya Nelly, Donatus ameamkiwa mpaka na watoto wangu wa kuzaa. Saa mbili asubuhi niliandika "Marahaba" bila kuamkiwa, nikakaa kumsubiri mwenye shikamoo yake ajitokeze. Sasa ni saa tisa alasiri. Elieth, waruhusu wanisumbue.