Madai ya Golikipa Aliyekuwa Juu ya Paa

Kwa Katibu,
Ligi ya Ridhaa ya Magongo ya Barafuni kwa Njia ya Gemu.

Ndugu Katibu,

YAH: MGAO WA ZAWADI YA UBINGWA NA HAKI YA MCHEZAJI ASIYEKUWEPO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana ikikukuta mgonjwa itakuzidishia. Mimi ni golikipa wa timu iliyotwaa ubingwa Jumamosi iliyopita. Kazi yangu ni ufundi wa majokofu. Katika ligi yako iliyojaa makarani, manesi na wanafunzi wanaoteleza barafuni wakiwa wamekaa kwenye makochi, huenda ni mimi peke yangu niliyewahi kugusa barafu kwa ajili ya riziki. Wenzangu hilo hawalioni. Wao wananiita Mlango Wazi.

Katika fainali nilifungwa mara mbili kabla sijakaa sawa. Hapo hapo upepo ukachomoa waya wa intaneti juu ya paa letu, nami nikapotea mchezoni. Unajua mwenyewe kwamba mchezaji akipotea mtandaoni, gemu haimsubiri. Kompyuta inamchukua mtu wake na kumchezesha. Nilitupa pedi ya kuchezea gemu kwenye kochi, nikapanda ngazi, nikaushikilia ule waya kwa mkono huku shati likipeperuka, nisijue kama umeshika au naushikia tu upepo. Niliposhuka mechi ilikuwa imekwisha. Tumeshinda tatu kwa mbili, na kile kisahani cheusi tunachogombania badala ya mpira hakikuingia tena golini kwangu.

Nilidhani ni furaha. Kumbe nahodha wetu, ambaye ni kinyozi, alikuwa ameshapiga hesabu. Mgao aliutangaza kwenye kundi la timu kwa ujumbe wa sauti, mashine ya kunyolea ikinguruma nyuma yake: kila goli lina bei, kila pasi ina bei, na kila goli la kufungwa ni makato. Kwa hesabu hiyo mimi sipati kitu, tena nadaiwa. Akaongeza kwamba kwa kuwa kazi ya ukipa ilifanywa na kompyuta, fungu la kipa liende kwenye mfuko wa timu. Mfuko wenyewe, Ndugu Katibu, uko kwenye suruali ya nahodha.

Ningenyamaza, lakini hali ya nyumbani hainiruhusu. Mama mkwe anaishi nasi tangu alipotibiwa macho. Sasa anaona vizuri, vizuri kupita kiasi. Msimu mzima amekaa nyuma yangu sebuleni, na kila nikifungwa anasonya. Alishatoa uamuzi kwamba gemu hii ikiingiza chochote ndani ya nyumba, niendelee. Isipoingiza, televisheni inarudi kwenye tamthilia zake na mimi narudi kwenye utu uzima. Mke wangu, aliyekuwa wakili wangu, siku hizi anaitikia mmh na kuendelea kukunja nguo. Inaniuma, sitaficha. Mtu na ndevu zangu nimejitetea mwaka mzima kwamba huu ni mchezo wenye faida, na faida imekuja na kunipita mlangoni.

Kwa heshima zote naomba kamati yako itazame malalamiko yafuatayo.

1. Makato. Kumkata kipa kwa magoli aliyofungwa ni uonevu. Nahodha mwenyewe akimnyoa mtu leo, wiki ijayo nywele zimeota tena, na sijasikia amerudisha hela ya mtu.

2. Fungu la kompyuta. Kompyuta ilikaa kwenye nafasi yangu, ikiwa na jezi yangu, na mgongoni jina la utani nililopewa bila ridhaa yangu. Haina namba ya simu ya kutumiwa hela. Haina tumbo. Haina mama mkwe. Nikitoka kwenye karakana yangu, shemeji akampokelea mteja jokofu, hela ile haiwi ya shemeji, inaingia karakana. Basi kompyuta ni kama shemeji yangu wa siku ile, na ujira wake uje kwa mwenye karakana.

3. Kutokuwepo ni kazi. Kuna ofisi moja ninayohudumia jokofu lao la jikoni. Mkurugenzi wao huenda likizo na mshahara wake unaingia kama kawaida. Siku hizo nimeziona kwa macho yangu: mafaili yanatembea, watu wanacheka kwenye korido, hata jokofu haliharibiki. Mkurugenzi akirudi, wanarudi kunipigia simu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hastahili kulipwa kwa sababu mambo yalinyooka alipoondoka. Mimi niliifanyia timu hisani hiyo hiyo, tena si kwa kulala kwenye mchanga wa hoteli bali kwa kung'ang'ania bati. Timu yangu ilikuwa inafungwa nikiwepo, ikashinda nisipokuwepo. Mwenye akili timamu aseme ni kipi kilicholeta ubingwa.

4. Malimbikizo. Wapinzani walijiandaa kwa ajili yangu. Msimu mzima nilikuwa nawazoesha kwamba upande wangu wa kushoto hauna mtu, nao wakazoea. Fainali wakakuta kipa mwingine kabisa ndani ya jezi ile ile, wakachanganyikiwa. Kwa hiyo magoli yote niliyofungwa tangu mechi ya ufunguzi yahesabiwe kuwa maandalizi ya ubingwa, na nilipwe moja baada ya jingine. Ni mengi. Naomba mhasibu akae mkao wa kula.

5. Kanuni mpya. Napendekeza ligi nzima iache kugawa zawadi kwa magoli na pasi. Kila mchezaji alipwe kulingana na nafuu ambayo timu inapata akiondoka. Mfungaji wetu ni nesi, tunamwita Radi, na magoli yote matatu ni yake. Akikosekana siku moja tumekwisha, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakuna thamani yoyote sokoni. Kwa kanuni yangu hapati kitu. Nakiri ni mtu mwema, na ndiye pekee aliyenipigia simu baada ya mechi kuniuliza kama nimeshuka salama. Apewe cheti.

6. Msimu ujao. Niko tayari kusaini mbele ya wakili kwamba sitaonekana katika mechi hata moja, mradi nilipwe posho ya kutokuwepo, nusu yake mapema, pamoja na gharama za ngazi. Timu nyingine zikitaka nisiwepo kwao pia, milango iko wazi, tuzungumze bei. Na timu yoyote ikitaka nicheze kwa wapinzani wake, hilo nalo lina bei yake, ila ni kubwa zaidi.

Naamini kamati yako yenye busara itaona kwamba siombi fadhila. Naomba changu, yaani fungu la kipa lote, na sehemu kubwa ya mafungu ya wengine.

Nisalimie wanakamati wote, refa wa fainali, mama watoto wako na watoto, na jirani yako aliyekuazima kompyuta ya kuendeshea ligi. Mhasibu msalimie mara mbili. Nahodha wangu ukikutana naye, mwambie tu nimeandika.

Ni mimi niliyekosekana kwa moyo wote,
Golikipa wa Mabingwa.

N.B. Kabla ya kuituma nimewasomea barua hii mke wangu na mama mkwe, wanirekebishe adabu. Nilipofika kwenye hoja ya kompyuta, mama alianza kucheka. Kwenye hoja ya tatu alikuwa ameshika mbavu. Alipopata pumzi akasema ni kompyuta gani ninayoisema, maana waya ulishika dakika ile ile nilipoukamata juu ya paa. Kompyuta ikamwachia mtu wangu, naye akabaki amesimama golini kama nguzo ya umeme, watu wanamjia, na pedi iko kwenye kochi. Mama akaona aibu kwa niaba ya familia, akaiokota. Michomo yote iliyookolewa katika fainali ni yake. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, akasema hajajifunza popote. Alikumbuka tu mimi huwa nafanyaje, akafanya kinyume.

Kwa hiyo futa hoja zote sita. Mke wangu ameshatuma habari kwenye kundi, nahodha amepiga simu kwa sauti ya adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, na ameshamsajili mama. Mama amekubali kwa sharti moja: hela igawanywe sawa kwa sawa kwa wote, na mkwewe naye ahesabiwe, kwa sababu bila mtu wa kushika waya mikono yake ingekuwa ya bure. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kunisifu tangu nioe. Nilitoka nje kidogo, nikajifanya natazama ngazi.

Televisheni haijarudi kwenye tamthilia. Mama yuko mazoezini na nimeambiwa nisipite mbele ya kioo. Naomba unijulishe kama timu inaruhusiwa kuwa na kipa wa akiba, na kama mtu anaweza kujaza fomu hiyo bila kumpitia kipa wa kwanza.