Mpangaji wa Stoo ya Bi Rukia

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nguo zote nilikuwa nimezivaa.

Nawaandikia sasa hivi nikiwa nimekaa kitandani, ili mlisikie kwangu kabla hamjaletewa na watu wengine wakiwa wameongeza chumvi. (Haihitaji chumvi. Mtaona.)

Kwa wale msionijui vizuri: mimi ni Mutua, yule jamaa mkubwa anayeuza kwenye duka la vitabu la Bi Rukia hapa Donholm. Mkubwa wa mwili, namaanisha. Nikisimama mlangoni duka linaingia giza. Watoto wa shule huniita Lori. Bi Rukia aliponiajiri alisema sina haja ya kujua vitabu, nisimame tu na wezi watapita mbali. Vitabu nimekuja kuvipenda baadaye, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Duka letu si kubwa. Mbele kuna rafu, kaunta na kiti changu. Nyuma kuna stoo moja isiyo na dirisha, mlango wake wa mbao una komeo kwa nje. Upande huu tumepakana na bucha ya Baba Shiro, upande ule saluni ya Mama Lulu.

Siku za kawaida tunauza vitabu vya shule, vya mapishi, na vile vya kukufundisha kuwa tajiri. (Hivi vya utajiri hununuliwa na watu wale wale kila mwaka. Siulizi.) Lakini tangu mvua zianze, kuna kitabu kimoja tu kinachotajwa. Kinaitwa *Mpangaji wa Chumba cha Nyuma*. Kinakwisha kwenye rafu kabla sijamaliza kukipanga.

Ni hadithi ya kutisha. Msichana anahamia ghorofa fulani huku huku kwetu Eastlands. Kuna chumba cha nyuma kimefungwa, na landilodi anaapa kwamba hakina mtu. Jioni msichana anasikia ndoo ikiburutwa humo ndani. Halafu anasikia sauti ya mama mtu mzima, polepole, haina haraka na dunia: "Nifungulie. Bado naishi hapa."

Basi mtaa mzima umechanganyikiwa. Kule saluni mteja alikataa kulaza kichwa kwenye sinki aoshwe nywele, kwa sababu hataki kufumba macho. Mama mmoja alinirudishia chake akisema amekilaza chini ya Biblia wiki nzima na bado anakisikia. Baba Shiro, anayesema kusoma ni kazi ya watu wasio na kazi, alinunua kimoja "cha mke wangu". Kesho yake alihamisha ndoo zote za bucha nje, eti zinaziba njia.

Na mwandishi? Hakuna aliyemjua. Jalada lina herufi za kwanza tu za jina, na nyuma pale pa picha pana mlango umechorwa. Sisi tulikubaliana ni mwanamume mrefu, macho mekundu, asiyekula nyama iliyopikwa.

Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuja dukani kutuwekea sahihi. Saa kumi jioni.

Mchana nikatoka kununua chapati na maharagwe. Niliporudi, Bi Rukia alikuwa mlangoni na mkoba, anakwenda Pumwani kwa dada yake kuchukua sambusa za wageni. Mimi nikakaa kwenye kiti, nikafungua kitabu. (Ndiyo, nimekuwa nikikisoma kazini. Wateja wanauliza kinahusu nini, niseme nini?) Nilikuwa nimefika pale msichana anapopata ufunguo.

Bi Rukia akasema kitu.

Nikasema, "Sawa, Bi Rukia."

Akasema kitu kingine.

Nikasema, "Hakuna shida, Bi Rukia."

Akaenda. Msiniulize alisema nini. Nilijibu jinsi ninavyomjibu mke wangu mpira ukiwa umefika dakika za mwisho.

Nje mawingu yakafunga. Halafu stima ikapotea. Friji ya bucha ikanyamaza, redio ya saluni ikanyamaza, duka likawa na ile rangi ya maji ya kufulia. Mtu mwenye akili angefunga kitabu. Mimi nikakisogeza karibu na mlango wa mbele nipate mwanga.

Msichana kwenye kitabu akaweka ufunguo tunduni.

Na nyuma yangu, stoo, ndoo ikaburutwa.

Krrrrrr.

Nikajiambia ni panya. (Panya anayeburuta ndoo ya kudekia!) Nikajiambia ni bucha. Nikajiambia mimi ni mtu mzima, nina mke, nina kitambulisho. Nikasimama. Nikatembea kuelekea stoo, ila miguu ilikuwa inakwenda kama imekopwa mahali.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, kwa ndani giza tupu. Na kutoka kwenye lile giza ikaja sauti ya mama mtu mzima. Polepole. Haina haraka na dunia.

"Nifungulie," ikasema. "Bado naishi hapa."

Jamani.

Sikupiga kelele. Kelele zilikuwapo ila hazikupata njia. Nilisikia baridi ikipanda kutoka kisigino mpaka kwenye meno. Halafu mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukausukuma ule mlango na ukatia komeo. Kla!

Kimya.

Kisha mlango ukagongwa kwa ndani. Mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya pili kwa nguvu.

"Nifungulie! Wewe! Nifungulie!"

Hapo kelele zikapata njia.

Nikatoka dukani mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye kaunta. Sasa fikirieni nilivyofikiri mimi. Ukipiga kelele "jini!" mtaani kwetu saa nane mchana, nani atakuja? Kila mtu atafunga mlango wake. Nilitaka watu. Watu wengi, karibu, haraka. Na kuna neno moja tu linaloleta watu hivyo.

Nikalipiga hilo.

"Mwiziiii!"

Walikuja! Baba Shiro alitoka bucha na panga la kukatia mifupa. Mama Lulu alitoka na kitana cha moto, nyuma yake wateja wenye rola kichwani, mmoja nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Waendesha boda wa pale kona wakaacha pikipiki zao. Watu ambao sijawahi kuwaona maishani mwangu wakatokea, kama walikuwa wamejificha ardhini wanangoja tu kuitwa.

"Yuko wapi?"

"Stoo," nikasema. "Nimemfungia."

"Umefanya poa, buda," kijana mmoja wa boda akanipiga bega. Alikuwa na jiwe la kujengea mkononi. "Tuachie sisi."

Wakaingia dukani wote pamoja. Rafu ya mapishi ikaanguka. Nami nikaingizwa nao, nimebanwa katikati, mpaka mbele ya ule mlango. Na hapo kwa karibu nikasikia sauti tena, na safari hii haikuwa polepole hata kidogo. Ilikuwa inalia.

"Jamani, mimi ni mgeni wa Bi Rukia! Naitwa Asiya! Nimekuja kwa ajili ya kitabu! Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusoma tu, ndoo na yote!"

Maneno ya Bi Rukia yakanirudia yote, moja baada ya jingine. *Mgeni wetu amewahi, nimempumzisha stoo maana anaona haya mbele ya watu. Mpelekee maji.* Nami nilikuwa nimesema sawa. Nilikuwa nimesema hakuna shida.

"Muongo huyo!" mtu akasema nyuma. "Wote husema hivyo."

"Mtoeni tummalize!"

Na mtu mwingine, sikuona uso, akauliza bila hasira, jinsi unavyouliza chumvi mezani: "Petroli iko kwa nani?"

Marafiki zangu, mimi nilidhani nimeogopa pale kwenye giza. Sikuwa nimeogopa. Woga ni kusimama katikati ya majirani unaonunua nao nyama na mkate, na kuona hakuna uso unaoujua. Woga ni kujua kwamba wewe ndiye uliyewaita.

Nikageuka, nikaweka mgongo kwenye mlango.

"Si mwizi!" nikasema.

"Si umesema mwizi?"

"Nilisema. Lakini si mwizi."

"Toka hapo, Mutua," Baba Shiro akasema. Panga lilikuwa juu. "Umetishwa. Toka."

Kijana wa boda akanishika shati, akavuta. Kifungo kikaruka. Wakanisukuma, mgongo ukagonga mlango, na kwa ndani mama wa watu akapiga ukwenzi. Wakanisukuma tena. Miaka yote nimekuwa nikiuomba radhi huu mwili, kwenye viti, kwenye ngazi, kwenye picha za harusi. Leo nikausimika pale na miguu yangu miwili, mmoja una kiatu na mwingine soksi yenye tundu, nikakataa kutoka.

"Kama si mwizi ni nani?" Mama Lulu akauliza. "Sema basi! Ulikuwa unapiga kelele za nini?"

Nilijua nikisema "mgeni" tu hawataniamini. Mtu hafungi mgeni na kumwitia watu. Lilibaki jambo moja la kusema, na ndilo lilikuwa kweli.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni yule mpangaji."

"Nani?"

"Mpangaji."

"Ongea kama mwanaume!"

"NILIDHANI NI JINI!" nikapiga kelele. "JINI LA KWENYE KITABU! Nilikuwa nasoma, stima ikapotea, nikasikia ndoo, nikaogopa! Nimeogopa mpaka nimeacha kiatu! Kiatu kile pale, kitazameni! Mama wa watu hana kosa, ni mimi nilikuwa natetemeka!"

Watu wakatazama kaunta. Kiatu kilikuwa pale.

Mteja wa saluni, yule wa nusu kichwa, ndiye aliyeanza. Alitoa kicheko kimoja kidogo cha puani. Mama Lulu akafuata. "Hata mimi," akasema, anajishika mbavu, "hata mimi jana nimeenda choo na mume wangu!" Kijana wa boda akajaribu kukaza uso, akashindwa, akaweka jiwe chini ili acheke vizuri. "Lori ameogopa ndoo! Maze, Lori ameogopa ndoo!"

Ikapanda. Ikatoka nje mpaka barabarani. Watu walikuwa wanashikiliana. Walicheka mpaka wengine wakakaa juu ya vitabu vya mapishi, na kila aliyecheka nilimwona uso wake ukirudi kuwa wa jirani. Chekeni, nikasema moyoni. Chekeni sana, tafadhalini. Yule wa petroli sikumwona tena.

Kisha nikafungua komeo.

Bi Asiya alikuwa amewasha tochi ya simu kwa sababu ya giza, ameishika kifuani, mwanga unampiga usoni kutoka chini. Mwandishi mwenyewe huyo: kimama kifupi chenye buibui na miwani, ufagio mkono wa pili. Alipochomoza, umati mzima uliruka nyuma hatua nzima, na Baba Shiro na panga lake akaruka zaidi ya wote. (Hilo halimo kwenye video. Ndiyo, kuna video.)

Bi Rukia akafika na sambusa zake, akakuta duka limejaa, rafu chini, mimi nusu shati. Akaweka sambusa kaunta, kando ya kiatu.

"Nilikwambia umpelekee nini?"

"Maji, Bi Rukia."

"Basi mpelekee."

Nilimpelekea Bi Asiya maji, kisha chai, kisha sambusa, kisha nikashindwa kuondoka. Alikuwa ndiye mtu pekee ambaye hakucheka. Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Ningekuua hapa kwa ujinga wangu."

"Niliisikia ile sauti iliyoomba petroli," akasema. "Na kila walipokusukuma nilisikia mgongo wako ukigonga mlango. Nikawa nahesabu. Nikajua bado upo." Akanywa chai kidogo. "Kusamehe nitasamehe, mwanangu, lakini si leo. Leo bado natetemeka."

Nikasema hiyo ni haki.

Saa kumi ilipofika alisoma, sauti imekauka, mbele ya watu wengi kuliko viti. Vitabu vyote vikaisha, pamoja na kile nilichokuwa nasoma, nikiwa sijajua msichana alikuta nini mle chumbani. Kijana wa boda alinunua viwili, akamwomba Bi Asiya radhi bila kumtazama machoni. Halafu akaja kwangu anataka picha.

Nimefika nyumbani, mke wangu Kanini ameshaiona ile video; ameniangalia, akaenda jikoni. Namsikia huko anajiziba kicheko na kitambaa cha sahani.

Mimi neno lile sitalipiga tena, hata nikikuta mtu anatoka na televisheni yangu. Na nyinyi mkinikuta njiani kesho, nawaomba jambo dogo tu: nisalimieni kama mtu wa kawaida, halafu mcheke nikishapinda kona.