Trei ya Mayai na Cheo cha Mpishi Mkuu

Jumatatu, 18 Februari

Tumeondoka! Barafu iko nyuma, Cape Town iko mbele, na meli yetu *Malgas* inanuka soksi. Tumewapakia wale wa kituo cha utafiti waliokaa kwenye barafu ya Antaktika mwaka mzima. Kiongozi wao, Daktari Annelise Theron, alikuja jikoni machozi yakimlengalenga. Anataka kitu kimoja tu: yai la kukaanga, kiini kikimbie sahanini. Mwaka mzima wamekula mayai ya unga. Nikamwahidi. Kuahidi hakunisumbui.

Habari kubwa: Mzee Booysen, mpishi mkuu, anastaafu kwa sababu ya goti. Jumapili ya mwisho baharini huwa tunawapikia watu wa kituoni chakula cha shukrani. Kapteni Gqirana amesema atakayewafurahisha siku hiyo ndiye atakayeshika jiko msimu ujao. Ni mimi au Gershwin Adonis, mwokaji mikate. Adonis! Mtu anayepiga mluzi huku akikanda unga!

Nimeshamwandikia mama mkwe kwamba cheo nimekipata. Habari njema haifai kucheleweshwa.

Jumanne, 19 Februari

Mayai mabichi imebaki trei moja. Ilikuwa jikoni asubuhi. Sasa iko ndani ya boti la kuokolea watu, chini ya benchi, imefunikwa blanketi. Mtaka cha mvunguni huinama, nami niliinama hadi kiuno kikalia. Nje ni baridi, mayai hayataoza. Jumapili nitayatoa mimi, shujaa, na Adonis atabaki na mikate yake.

Nashukuru kwa akili niliyopewa. Wengine hawakubahatika.

Alhamisi, 21 Februari

Msiba! Mayai yamekuwa mawe. Yamepasuka yote. Moja lilinidondokea kidole cha mguu, kidole kikavimba, yai halikuongeza hata ufa.

Ndipo nikakumbuka Mzee Booysen alichonifundisha msimu wangu wa kwanza: huku kusini, kitu usichotaka kigande kiweke kwenye friji, maana friji ndiyo nyumba yenye joto. Kila mtu melini anajua. Hata mimi nilijua. Nilifikiri kama mtu wa kwetu Athlone, mjini Cape Town, kusikoganda kitu.

Mchana Kapteni alisimama mezani akasema aliyewaibia mayai watu hawa, baada ya mwaka walioupitia, atashuka Cape Town na hatapanda tena. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilitikisa sana, nadhani. Adonis aliniuliza kwa nini nachechemea. Nikasema ni baridi yabisi. Akaniletea dawa ya kuchua. Mtu mwema, lakini nina wasiwasi naye.

Ijumaa, 22 Februari

Mpango mpya. Mayai yayeyuke taratibu kwenye chumba cha kukaushia mabuti. Kuna joto zuri, na mle harufu haijawahi kumshangaza mtu. Nimeiweka trei rafu ya juu, nikaifunika aproni. Mungu hamtupi mja wake.

Jumamosi, 23 Februari

Pepo za magharibi zimetukamata. Meli inalala ubavu huu, inageuka ubavu ule. Tumelowesha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze. Trei niliisahau.

Daktari Annelise alivaa buti lake asubuhi. Ukelele ulisikika hadi kwa Kapteni! Mwanamke huyu ameliota yai mwaka mzima, na amelipata kwa mguu.

Msako. Trei imekutwa rafuni, na juu yake aproni yenye jina langu, Denver. Leo sitalala kwa raha. Nikifukuzwa, nitamwambia nini mama mkwe?

Jumapili, 24 Februari

Siku ya shukrani. Kapteni aliinua aproni mbele ya watu wote akauliza ina habari gani. Nilikuwa nimefungua mdomo, sijui ungetoka uongo gani, Adonis akaingia na sinia. Akasema, “Kapteni, tule kwanza bwana, mayai yanapoa.”

Mayai! Alikuwa ameyaweka kando tangu tuondoke Cape Town, machache machache kutoka fungu lake la keki, kwenye friji. Kila mtu wa kituoni akapata lake. Viini vilikimbia. Daktari Annelise alilia, Mzee Booysen akalia, mimi nikalia kuliko wote, kwa sababu zangu.

Adonis ndiye mpishi mkuu. Kapteni akataka mimi nishushwe. Adonis akamwambia, “Mwache, Kapteni. Mtu asiyeweza kuficha yai ataiba nini tena? Huyu ndiye salama wa kukaa naye jikoni.” Watu walicheka hadi kikombe kikaanguka. Nimebaki, msaidizi wake. Namshukuru mtu huyu kwa moyo wangu wote. Kweli.

Jumatano, 27 Februari

Ujumbe wa mama mkwe: atanipokea gatini na bendi nzima ya tarumbeta za kanisa. Mpishi mkuu hapokelewi kimyakimya, anasema.

Nikaenda kwa Adonis, nikamwambia yote. Alicheka akishikilia meza. Akaniambia, “Njia ya mwongo ni fupi, Denver, yako inaishia gatini.” Kisha akanipa kofia yake mpya ndefu ya mpishi mkuu niivae nikishuka, ili mama wa watu asiaibike. Ila nimweleze ukweli nyumbani, taratibu. Nikaapa.

Ijumaa, 1 Machi

Tumefika! Mlima Meza ulitokea alfajiri, watu wa kituoni wakajazana wote sitahani. Harufu ya udongo! Nilishukuru kwa sauti.

Nikashuka na kofia. Tarumbeta zikalia. Adonis alikuwa nyuma yangu, amenibebea begi kwa sababu ya kidole changu. Mama mkwe akauliza huyu kijana mpole ni nani. Tarumbeta zilikuwa zimenyamaza. Nafasi nzuri kabisa ya kusema ukweli.

Nikasema ni msaidizi wangu, nimemfundisha kazi mwenyewe.

Adonis alinitazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. “Ndiyo, mpishi mkuu.” Mungu ambariki! Mama mkwe alifurahi mno, akamwalika chakula cha Jumapili. Akamwalika na Kapteni, aliyeshuka baada yetu. Wote wamekubali.

Hakuna shida. Kapteni nitamnong'oneza kwamba mama mkwe amezeeka, asibishiwe. Mama mkwe nitamwambia Kapteni anapenda mzaha, asiaminiwe. Haiwezi kuharibika. Asante Mungu kwa kichwa hiki.